Kuelewana bila Kufundishwa: Lahaja za Kichaga na Wasikilizaji Wake kwenye Miteremko ya Kilimanjaro

Kuanzia Siha upande wa magharibi hadi Useri kaskazini-mashariki, miteremko ya Mlima Kilimanjaro inakaliwa na watu wanaoitwa kwa jina moja, Wachaga, lakini usemi wao si mmoja. Kichaga ni jina la jumla la lahaja nyingi: Kisiha, Kimachame, Kikibosho, Kiuru, Kimochi cha Old Moshi, lahaja za Vunjo kuanzia Kirua na Kilema hadi Marangu, Mamba na Mwika, kisha lahaja za Rombo, yaani za Mkuu, Mashati na Useri. Majirani wa karibu husikilizana bila taabu. Umbali unapozidi, kuelewana hupungua, na mtu wa Machame anayemsikia mtu wa Useri kwa mara ya kwanza huambulia maneno machache ya hapa na pale. Hata hivyo, katikati ya ncha hizo mbili hakuna mahali ambapo lugha moja inakoma na nyingine kuanza. Wanaisimu huita hali hiyo mnyororo wa lahaja.

Kuelewana katika mnyororo huo kuna asili mbili. Ya kwanza ni urithi: mizizi ya maneno, viambishi na mpangilio wa sentensi uliotoka kwa wazee wa pamoja. Ya pili ni mazoea ya kusikia. Mtu aliyekulia jirani na soko, aliyezaliwa na mama wa upande wa pili wa mto, au aliyesomewa Injili kwa lahaja ya mbali, huelewa usemi ambao hakuna aliyemfundisha na ambao yeye mwenyewe hauzungumzi. Urithi huonekana katika orodha za maneno. Mazoea hayaonekani humo, na ndiyo yanayoeleza kwa nini watu wawili wa lahaja moja wanaweza kutofautiana sana katika kumwelewa jirani yao.

Makorongo, vihamba na umangi

Mnyororo wa Kichaga umefuata umbo la mlima. Miteremko ya kusini hupata mvua nyingi, na maji yake yamechimba makorongo marefu yanayoshuka kutoka msituni hadi tambarare. Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau na Una ni baadhi ya mito hiyo. Watu walijenga juu ya migongo iliyo kati ya makorongo, wakapanda migomba, wakachimba mifongo ya kumwagilia maji, na kila ukoo ukashika vihamba vyake, yaani mashamba ya migomba ya urithi. Kupanda na kushuka kwenye mgongo mmoja kulikuwa kazi ya kila siku. Kuvuka korongo kulikuwa safari. Mamlaka za wamangi, yaani watawala wa Kichaga, zilikua kwa kufuata migongo hiyo, na usemi nao ukafuata mamlaka. Mwishoni mwa karne ya 19 mlima ulikuwa na umangi zaidi ya ishirini, mkubwa na mdogo, na wengi wa wamangi hao walitawala watu waliotambulikana kwa lafudhi mara tu walipofungua kinywa.

Mlima haukujazwa na watu wa chimbuko moja. Masimulizi ya koo huwataja mababu waliotoka Ukamba, Taita, Usambara, Upare na hata kwa Wamaasai, kila kundi kwa wakati wake. Kwa hiyo lahaja za Kichaga hazikutokana tu na usemi mmoja uliogawanyika. Wageni waliolowea waliacha lugha zao, wakashika ya majirani waliowakuta na kuitia maneno yao. Korongo lilitenganisha usemi, na uhamiaji na ndoa zikausogeza karibu tena. Mnyororo uliopo leo ni matokeo ya nguvu hizo mbili zilizovutana kwa karne nyingi.

Lahaja hizo hugawanywa katika makundi matatu. La magharibi lina Kisiha, Kimachame na Kikibosho, pamoja na Kirwa, lugha ya Wameru wa Mlima Meru. La kati lina Kiuru, Kimochi, lahaja za Vunjo na Kikahe cha tambarare ya kusini. La tatu ni la Rombo. Pembeni kimesimama Kigweno cha milima ya Upare ya kaskazini, ambacho ni ndugu wa lahaja za Kilimanjaro ingawa wazungumzaji wake wako ng'ambo ya tambarare.

Sentensi moja masikioni mwa msikilizaji

Jinsi urithi unavyomsaidia msikilizaji inaonekana vizuri katika sentensi ya Kivunjo iliyojulikana sana katika isimu baada ya makala ya Joan Bresnan na Lioba Moshi ya mwaka 1990 kuhusu vitenzi vya Kibantu: *Nailyiia mka kelya*. Maana yake ni kwamba mtu fulani anamlia mke chakula, ama kwa faida yake ama kwa hasara yake. Msemaji wa Kiswahili asiyejua Kichaga ana mahali pa kuanzia. *Mka* yuko jirani na mke. Katika *kelya* anasikia kiambishi cha ngeli ya ki- na mzizi wa kula. Mwishoni mwa kitenzi anatambua umbo la kutendea, lile linalogeuza kula kuwa kulia. Vipande vitatu vinatosha kumpa habari: kuna mke, kuna chakula, na kuna mlaji.

Kinachompotosha ni mwanzo wa kitenzi. Katika Kiswahili cha mazungumzo *na-* mwanzoni mwa kitenzi mara nyingi humtaja msemaji mwenyewe, kama katika "nala" au "naenda". Katika Kivunjo *n-* ya mwanzo si nafsi. Ni kiambishi cha kutilia mkazo habari inayotolewa, na nafsi ni *a-* inayokifuata. Mswahili aliyeshika maneno yote mengine barabara anaweza kuondoka akidhani msemaji ndiye anayekula. Msikilizaji wa lahaja jirani ya Kichaga hana tatizo hilo, kwa kuwa usemi wake una kiambishi kama hicho na kazi yake anaijua. Sarufi iliyofichika ndani ya kitenzi ndiyo inayomtenganisha jirani wa karibu na ndugu wa mbali, kuliko idadi ya maneno wanayoshirikiana.

Sauti pia hubadilika kwa utaratibu. Mbuzi wa Kiswahili ni *mburu* katika sehemu kubwa ya Kichaga, watu ni *wandu*, mti ni *mri*. Vitenzi visivyonyambuliwa huanza na *i-* mahali pa ku-: kula ni *ilya*, kuja ni *icha*. Msikilizaji hafundishwi mabadiliko hayo. Akikutana nayo mara kadhaa katika habari anayoweza kuikisia, sikio huanza kuyatarajia, na maneno mapya yanayofuata kanuni ileile humjia yakiwa yamekwisha kufumbuliwa nusu. Wageni wengi hueleza kwamba baada ya majuma machache masikio "yamefunguka". Sarufi yao haijaongezeka katika muda huo. Wamezoea tu sauti zipi za jirani zinasimama mahali pa zipi za kwao.

Kizuizi kikubwa kwa Mswahili ni toni. Kichaga hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, jambo ambalo Kiswahili sanifu hakinalo, na utaratibu wa toni nao hubadilika kutoka lahaja hadi lahaja. Neno ambalo kwa maandishi linafanana kabisa na la jirani linaweza kupita bila kutambuliwa kwa sababu limebeba wimbo usiotarajiwa. Ndiyo maana mtu anayesoma Kichaga cha mbali kwenye karatasi huelewa zaidi kuliko anapokisikia.

Salamu ni kipimo kibaya cha kuelewana, ingawa ndizo watu huzitaja kwanza. *Shimbonyi* ya Vunjo na *nesindisa* ya Machame hazifanani hata kidogo, lakini karibu kila mtu mzima mlimani anazijua zote mbili. Salamu hushikwa kwa moyo kama jina la mtu. Hakuna anayezifumbua kwa kukisia. Anayeitikia salamu ya Rombo kwa ufasaha huenda asielewe sentensi ya pili.

Soko, ndoa na vita

Kabla ya utawala wa Wajerumani, mahali pakuu pa kusikia lahaja nyingine palikuwa sokoni. Masoko ya mlimani yalikuwa ya wanawake na yalifanyika kwa zamu, leo mahali hapa, kesho pengine, hivi kwamba mwanamke mmoja aliweza kufika katika masoko kadhaa ndani ya juma. Ndizi, ulezi, maharage, maziwa na magadi vilibadilishana mikono. Vyungu vya udongo vililetwa kutoka Kahe na Upare, na chuma kilitoka kwa wafua chuma wa Ugweno. Mazungumzo ya soko humfaa sana asiyejua lugha: bidhaa iko mbele ya macho, kidole kinaonyesha, idadi hurudiwa, na maneno yaleyale hutumika kila mara. Aliyeanza kwa kuelewa bei baadaye alielewa habari za msiba na za mvua.

Ndoa ilipeleka lahaja hadi ndani ya nyumba. Koo za Kichaga hazioani zenyewe kwa zenyewe, na mke huhamia kwenye kihamba cha mume. Mara nyingi alitoka mtaa wa jirani, lakini wengine walivuka mipaka ya umangi, hasa katika familia za watawala zilizooana kwa ajili ya mapatano. Mke aliyeolewa mbali alitakiwa kuzungumza kama watu wa kwa mumewe, ila watoto wake walisikia usemi wa kwao alipoimba, alipokaripia na alipotembelewa na ndugu zake. Walikua wakielewa lahaja mbili, wakizungumza moja. Huenda hakuna njia iliyoeneza uelewa wa namna hii kwa wingi zaidi.

Vita navyo vilikuwa na sehemu yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mangi Horombo wa Keni aliunganisha sehemu kubwa ya Rombo na kusukuma nguvu zake kuelekea Vunjo. Baadaye Mangi Rindi wa Moshi, aliyefahamika kwa wageni kama Mandara, na Mangi Sina wa Kibosho waligombea ukubwa wa mlima mpaka Wajerumani walipoingia. Mashambulizi yalileta ng'ombe na mateka, na mateka wengi walikuwa wanawake na watoto waliolelewa upya upande wa washindi. Umangi mdogo uliolipa ushuru kwa mkubwa ulipokea wajumbe wake na kusikiliza amri zao. Aliyeamrisha hakuwa na haja kubwa ya kuelewa usemi wa aliyeamrishwa. Aliyeamrishwa ndiye aliyelazimika kusikiliza kwa makini.

Ukingoni mwa mnyororo

Jamii nne zilizo pembeni mwa mlima zinaonyesha mpaka wa kuelewana bila kujifunza. Wameru wametenganishwa na Wachaga wa magharibi na tambarare, lakini masimulizi yao yanawahusisha na Machame na usemi wao bado uko karibu na wa huko. Wamisionari Walutheri wa Leipzig waliokuwa Machame waliuona Mlima Meru kama hatua inayofuata. Jaribio la kwanza, mwaka 1896, liliishia kwa kuuawa kwa Ewald Ovir na Karl Segebrock pamoja na Wachaga waliofuatana nao, na kazi ilianza upya Nkoaranga mwaka 1902. Karne kadhaa za kutengana hazikutosha kuzifanya lugha hizo mbili zisitambuane.

Wakahe, walio kusini mwa mji wa Moshi, wako jirani kabisa na Wachaga wa kati na wamefanya biashara nao muda wote. Kwao urithi na mazoea vimekwenda pamoja, na kuelewana ni kwa kiwango kikubwa.

Kigweno kina hali ya kipekee. Sauti zake na sarufi yake ni za Kilimanjaro, lakini wazungumzaji wake wamezungukwa na Wapare wanaosema Chasu, na maneno mengi ya Chasu yameingia katika usemi wao. Ugweno ulikuwa na dola yake, ambayo Isaria Kimambo aliieleza katika historia ya kisiasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, akionyesha jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowapindua Washana, waliokuwa wafua chuma. Mchaga anayesikiliza Kigweno hutambua namna sentensi inavyojengwa lakini hukosa maneno; Mpare hutambua maneno lakini hupotea katika viambishi. Kila mmoja ana nusu ya ufunguo.

Jamii ya nne inathibitisha kanuni kwa kuwa nje yake. Wangasa wa Rombo walikuwa na lugha ya jamii ya Kinailoti, iliyo ndugu wa Kimaasai. Waliishi miongoni mwa Warombo kwa vizazi vingi, wakaoana nao na kuazimana maneno. Hata hivyo, hakuna Mrombo aliyeanza kuelewa Kingasa kwa kukisia, wala Mngasa hakuelewa Kirombo bila kujifunza. Ujirani bila undugu wa lugha haukuzaa uelewa wa bure. Uliwafanya Wangasa wawe na lugha mbili, na hatimaye wakabaki na moja. Kingasa kimesalia kwa wazee wachache, na wajukuu wao ni wasemaji wa Kirombo.

Misafara, misheni na maandishi

Wageni wa kwanza walioandika kuhusu Kilimanjaro walipita juu ya mnyororo huu kwa Kiswahili. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai karibu na Mombasa, alifika mlimani mwaka 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara. Kiswahili cha misafara kilikuwa kimekwisha kufika kwenye nyua za wamangi, na Rindi alikitumia kuzungumza na wageni. Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884, alichapisha miaka miwili baadaye kitabu chenye orodha za maneno ya lugha za eneo hilo zilizowekwa sambamba. Orodha kama hizo ziliwapa wasomaji wa Ulaya nafasi ya kulinganisha usemi wa mlimani na wa majirani zake.

Misheni zilikabiliwa na swali gumu zaidi: kitabu kimoja kitaeleweka hadi wapi? Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mapema miaka ya 1890, kisha Kibosho na Rombo. Walutheri wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, wakafuata Mamba na Old Moshi. Kuchapa kwa kila lahaja kulikuwa nje ya uwezo wao; kuchagua moja kulimaanisha wengine wote wasikilize usemi usio wao. Walutheri waliishia na lahaja mbili za vitabu, Kimachame kwa upande wa magharibi na Kimochi kwa upande wa kati na mashariki. Johannes Raum alichapisha sarufi ya Kimochi mjini Berlin mwaka 1909, na Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kidia, Old Moshi, hadi mwaka 1938, alitafsiri Agano Jipya kwa lahaja hiyo.

Matokeo yalivuka mipaka ya dini. Muumini wa Vunjo alisali, akaimba na kusoma kwa Kimochi kila Jumapili, lakini nyumbani aliendelea na lahaja yake. Vizazi kadhaa vya Walutheri wa Vunjo vikapata uelewa wa kina wa Kimochi, hata wa maneno mazito ya ibada yasiyosikika sokoni. Mtu wa Old Moshi hakupewa nafasi kama hiyo ya kuizoea lahaja ya Mwika. Uchaguzi wa kiwanda cha chapa uliupa uelewa mwelekeo mmoja.

Maandishi yaliwasaidia pia wanahistoria wa mlimani. Nathaniel Mtui, mwalimu kutoka Mshiri, Marangu, alijaza madaftari tisa kati ya mwaka 1913 na 1916 yenye historia za umangi mbalimbali, na Kathleen Stahl aliyategemea alipoandika historia ya Wachaga iliyotoka mwaka 1964. Kazi ya Mtui isingewezekana kama asingeweza kuwasikiliza wazee wa pande nyingine.

Uelewa wa upande mmoja

Ukweli kwamba kuelewana si lazima kuwe sawa pande zote mbili unajulikana kwingi. Wadenmark humwelewa Mswidi vizuri kuliko Waswidi wanavyomwelewa Mdenmark, ingawa lugha zao zina undugu uleule kutoka upande wowote. Mwaka 1959 Hans Wolff alieleza hali kama hiyo huko Nigeria. Wanembe walisema wanawaelewa Wakalabari bila shida, nao Wakalabari, waliokuwa na nguvu zaidi kibiashara, walidai Kinembe hakieleweki. Wolff alionyesha kwamba katika madai ya namna hiyo heshima na mamlaka vina uzito mkubwa kuliko sauti na maneno.

Kilimanjaro kulikuwa na mazingira yaleyale. Chini ya Wajerumani, Mangi Marealle wa Marangu alipewa ukubwa juu ya sehemu kubwa ya Rombo, na watu wake wakaenda huko kusimamia kazi na kodi mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Rombo ilisikia Kimarangu kikitoka kinywani mwa wenye amri. Baadaye kahawa, shule na ofisi vilijikita Machame, Moshi na Marangu mapema kuliko Rombo, na safari nyingi za kutafuta kazi zilianzia Rombo kwenda katikati ya mlima. Mrombo aliyezoea safari hizo husikiliza Kivunjo kwa wepesi. Mtu wa Machame ambaye hajawahi kuwa na sababu ya kwenda Useri husema, bila kujaribu sana, kwamba Kirombo ni lugha nyingine.

Wanaisimu na vipimo vyao

Utafiti wa kupima kuelewana ulianza mwaka 1951, pale Carl Voegelin na Zellig Harris walipopendekeza njia rahisi: msikilizaji achezewe hadithi iliyorekodiwa kwa lahaja ya jirani, kisha aulizwe maswali juu yake. Njia hiyo iliboreshwa sana Mexico, na katika Afrika Mashariki kundi la Peter Ladefoged lililochunguza lugha za Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960 lililinganisha ufanano wa maneno na uelewa wa wasikilizaji. Kosa linaloepukwa kwa taabu ni kumpima mtu aliyekwisha kuzoea. Mwanamke wa sokoni akifaulu mtihani wa Kiuru, alama zake hazisemi chochote juu ya undugu wa lahaja. Zinasema anafika sokoni Uru.

Kilimanjaro, kazi kubwa ilifanywa kwa kulinganisha maneno na sauti. Derek Nurse alichapisha uainishaji wa lahaja za Kichaga mwaka 1979, na Gérard Philippson akafuata na kitabu juu ya lugha na historia ya watu wa migombani mwaka 1984. Wote wawili walikusanya orodha za maneno Tanzania katika miaka ya 1970. Makundi matatu ya Kichaga yanayotumika hadi leo yanatokana na kazi hizo. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha imekwenda mbali zaidi: Kimachame, Kimochi, Kivunjo, Kirombo, Kirwa, Kikahe na Kigweno kila kimoja kina msimbo wake, kana kwamba ni lugha saba zilizotengana. Wachaga wenyewe kwa kawaida husema wana lugha moja yenye namna nyingi. Hesabu zote mbili zina msingi: misimbo hutazama ncha za mnyororo, na wenyeji hutazama pete zinazoshikana.

Mji, umoja na Kiswahili

Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na mji mpya wa Moshi ukakua tambarare karibu na kituo chake, mbali na Old Moshi ya Rindi. Mji huo haukuwa wa mgongo wowote. Wachaga wa pande zote walikutana humo na Wapare, Waswahili, Wahindi na Wazungu. Tangu mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika cha kahawa, KNCU, kiliwaunganisha wakulima wa mlima mzima, na mwaka 1951 Thomas Marealle alichaguliwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote. Kadiri Wachaga walivyojiona taifa moja, ndivyo walivyohitaji usemi ambao haukuwa wa umangi wowote. Mamlaka ya Kichaga yalikuwepo. Kichaga cha wote hakikuwepo.

Nafasi hiyo ilichukuliwa na Kiswahili. Serikali ya Waingereza ilikifanya lugha ya shule za msingi, na serikali ya Tanzania huru ikakipa nafasi katika elimu, mahakama na utawala wote. Petro Itosi Marealle alipotaka kueleza mila za Wachaga, katika kitabu chake *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera* cha mwaka 1947, aliandika kwa Kiswahili, na hivyo msomaji wa Siha na wa Mashati wakamsoma kwa usawa. Mtu wa Machame na wa Rombo wanapokutana sokoni Kiboriloni au kwenye stendi ya Moshi leo, hawajisumbui kukisiana. Kila mmoja anaanza na Kiswahili, na haja ya sikio kujizoeza imepungua.

Kumezuka aina mpya ya kuelewa bila kuzungumza. Watoto wengi wa Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam hupelekwa kwenye vihamba vya babu zao kila Desemba. Huelewa bibi anapowatuma au kuwakaripia kwa Kichaga, nao humjibu kwa Kiswahili. Wale ambao baba yao ni wa Kibosho na mama yao wa Mwika husikia lahaja mbili, wakashika kidogo cha kila moja. Zamani mtu aliielewa lahaja ya jirani kwa kuiegemeza kwenye yake. Kijana wa sasa huegemeza lahaja zote kwenye Kiswahili. Anaitambua *mburu* kwa sababu anajua mbuzi, na hujikwaa palepale anapojikwaa Mswahili yeyote, kwenye viambishi vya mwanzo wa kitenzi na kwenye toni.

Lahaja zenyewe zinaendelea kusikika vijijini, misibani, katika vikao vya ukoo, penye mbege, pombe ya ndizi, na katika ibada, na Kivunjo kilipata Agano Jipya lake mwishoni mwa karne ya 20. Katika shughuli hizo watu wa migongo jirani bado husema kila mmoja kwa namna yake na kusikilizana. Kati ya pande za mbali kazi hiyo imehamia kwa Kiswahili, na Mchaga anayeweza kuufuata mnyororo wote kwa sikio, kutoka Siha hadi Useri, kwa kawaida ni mtu ambaye biashara, ndoa au kazi ya kanisa imemzungusha mlima.